Nyota Ilipozimwa na Mwezi

Usiku wa kwanza nilipoketi kusubiri Mwezi uifiche nyota, nilikosa kila kitu kwa sababu nilitazama saa. Nilikuwa nimejiandaa tangu alasiri: darubini ndogo nimeisimamisha juu ya miguu yake mitatu, kiti nimekiweka mahali ambapo shingo isingeniuma, na katika daftari nimeandika dakika na sekunde ambazo programu ya kompyuta ilikuwa imenikokotolea. Mwezi ulikuwa na umri wa siku saba hivi, nusu yake iking'aa na nusu nyingine ikiwa giza tupu, na kando ya ile nusu ya giza palikuwa na nyota hafifu isiyo na jina, namba tu katika orodha za wataalamu. Niliitazama ikiukaribia Mwezi, au tuseme niliutazama Mwezi ukiikaribia nyota, maana nyota yenyewe haikuwa na safari. Ziliposalia sekunde chache niliondoa jicho kwenye lenzi ili nihakikishe saa, nikalirudisha, na nyota haikuwapo.

Kwanza nilidhani nimeigonga darubini ikasogea. Nikaitafuta nyota upande huu na upande ule, hadi nilipokubali kwamba jambo nililolingojea kwa muda wa saa nzima lilikuwa limekwisha pale nilipokuwa nikisoma mshale wa saa. Watu husema jambo fulani limetokea kufumba na kufumbua, na aghalabu huwa wametia chumvi kidogo. Katika jambo hili chumvi haihitajiki hata punje, na anayefumba macho wakati huo hukuta mambo yamekwisha anapofumbua.

Ghafla hiyo ndiyo iliyonivuta kuanza kusoma habari hizi. Jua linapotua huchukua dakika mbili au zaidi kuzama lote, kwa sababu tunaliona likiwa na upana, na ukingo wake wa chini hugusa upeo wa macho mapema kuliko ukingo wa juu. Nyota nayo ni jua, na nyingine ni kubwa kulishinda Jua letu mara nyingi, lakini umbali wake ni mkubwa mno hata upana wake wote umebanwa ukawa nukta. Mwezi hauhitaji muda wowote wa maana kuifunika nukta. Jambo la pili ni kwamba Mwezi hauna angahewa inayostahili jina hilo. Kama ungekuwa na hewa nzito kama ya Dunia, nuru ya nyota ingeanza kupindwa na kufifia kabla ya kufika kwenye mwamba wenyewe, nasi tungeiona ikififia kama taa inayoishiwa mafuta. Badala yake inakuwapo, kisha haipo. Watu wa kale waliokuwa na darubini duni kuliko hata hii yangu waliweza kutambua kutokana na ghafla hiyo kwamba Mwezi ni mahali pasipo na hewa, muda mrefu kabla ya chombo chochote kutua huko.

Ziko nyota chache zinazokiuka kanuni hiyo kidogo. Antares, ile nyota nyekundu inayokaa kwenye kifua cha kundi la Nge, ni jitu lililovimba kiasi kwamba hata kwa umbali wake bado lina upana unaopimika, na Mwezi huchukua karibu sehemu ya kumi ya sekunde kuifunika yote. Kwa jicho la mtu huo ni mfifio mfupi mno, lakini kwa kifaa cha kielektroniki ni muda wa kutosha kuipima nyota kipenyo chake, kwa kuhesabu tu imechukua muda gani kuzimika. Nyota ambayo hakuna darubini ya kawaida inayoweza kuionyesha kama duara hupimwa kwa kuifunika.

Hapa inafaa niweke sawa jambo la maneno, kwa sababu Kiswahili chetu kina neno kupatwa na mara nyingi tunalitumia kwa mambo mawili yasiyofanana. Jua likipatwa, Mwezi umekaa kati yetu na Jua ukalificha. Huo ni ufichaji kamili, tofauti yake ni kwamba kinachofichwa ni Jua. Mwezi ukipatwa, hakuna kitu kilichokaa kati yetu na Mwezi: Mwezi wenyewe umeingia katika kivuli cha Dunia, na hata mtu aliye mbali na Dunia, mradi anauona, ataukuta umefifia. Na gimba dogo likipita mbele ya gimba linaloonekana kubwa zaidi, kama Zuhura ilivyopita juu ya uso wa Jua mwaka 2004 na 2012, tunasema ni mpito, kwa sababu kilichoko nyuma hakikufichika, kimechorwa doa tu. Mimi naona neno ufichaji linatosha kwa yale ambayo gimba la mbele humeza lile la nyuma lote, na ndilo nitakalolitumia.

Mwezi ndio mfichaji mkuu wa anga, kwa sababu uko karibu, unaonekana mkubwa, na hautulii. Kila saa husogea kuelekea mashariki katikati ya nyota kwa kiasi kinachokaribia upana wake mwenyewe. Ndiyo maana nyota ikifichwa katikati kabisa hubaki nyuma yake kwa takriban saa nzima, na ikifichwa karibu na ncha ya kaskazini au ya kusini huweza kurudi baada ya dakika chache tu. Lakini Mwezi hauendi popote unapotaka. Njia yake imeinama nyuzi 5 hivi kutoka kwenye njia ya Jua, kwa hiyo nyota zilizo nje ya ukanda huo mwembamba hazitafichwa na Mwezi katika zama zetu, hata Shira, ing'aayo kuliko nyota zote za usiku. Kati ya nyota kubwa zinazong'aa sana ni nne tu zinazopatikana ndani ya ukanda huo: Dabarani, ambayo ramani nyingi huiandika Aldebaran, Regulus katika kundi la Simba, Spica katika kundi la Mashuke, na Antares. Kilimia nacho kimo, na Mwezi ukipita pale huzima nyota zake moja baada ya nyingine.

Na hata hizo nne hazifichwi kila mwezi. Mwinamo wa njia ya Mwezi huzunguka polepole na kurudi ulipoanzia baada ya miaka 18.6, kwa hiyo kila nyota hupata msimu wake: Mwezi huanza kuifunika, ukaifunika kila uzungukapo kwa miaka kadhaa, kisha ukaiacha. Dabarani ilifichwa mara 49 mfululizo kati ya 2015 na 2018, na sasa ni zamu ya Antares, iliyoanza mwaka 2023 na kuendelea hadi 2028.

Kufichwa mara 49 hakumaanishi kuwa kila mtu duniani ameona mara 49. Hili lilinichanganya sana mwanzoni, hadi nilipoacha kufikiria Mwezi na nyota nikaanza kufikiria kivuli. Nuru ya nyota inatufikia kutoka mbali mno hata miali yake yote huenda sambamba, na Mwezi ukikaa mbele yake hutupa kivuli cha nuru hiyo chenye upana ule ule wa Mwezi, karibu kilomita 3,475. Kivuli hicho hatukioni kwa sababu nuru ya nyota moja ni ndogo mno, lakini kipo, nacho huifagia Dunia kutoka magharibi kwenda mashariki. Aliye ndani ya njia yake huona nyota ikizimika; aliye nje huona Mwezi ukipita kando ya nyota bila kuigusa. Watu wawili wanaozungumza kwa simu, mmoja hapa na mwingine bara jingine, wanaweza kutofautiana kabisa kuhusu kilichotokea na wote wakawa wakweli.

Kanuni ya kivuli ina uzuri wake inapohusu magimba madogo. Asteroidi, yaani gimba dogo la mwamba linalozunguka Jua, ikiwa na upana wa kilomita 250 hutupa kivuli chenye upana wa kilomita 250. Watazamaji wakijipanga kukatiza njia ya kivuli hicho, kila mmoja akiwa na saa sahihi, mmoja atapoteza nyota kwa sekunde kumi, jirani yake kwa sekunde nne, wa tatu asiipoteze kabisa. Ukizichora sekunde hizo kama mistari kwenye karatasi, umbo la asteroidi linajitokeza lenyewe. Hakuna aliyeiona asteroidi, lakini wote kwa pamoja wameichora.

Mara ya pili nilijifunza kutotazama saa. Niliweka simu ikirekodi sauti kando ya redio iliyokuwa ikitoa mlio wa kila sekunde, nikabandika jicho kwenye lenzi na kuapa kutoliondoa. Ukikaa hivyo kwa dakika tano, macho huanza kukuchezea: nyota inaonekana kuruka, kugawanyika, hata kutoweka na kurudi, na mara mbili nilikaribia kupiga kelele bure. Upande wa giza wa Mwezi haukuwa giza kamili bali ulikuwa na rangi ya majivu, kwa nuru iliyoakisiwa na Dunia yetu, na nyota ilining'inia mbele ya ukingo huo kiasi kwamba sikuelewa bado inasubiri nini. Kisha ikazimika. Nikasema "Sasa!" kwa sauti ambayo nikiisikiliza leo katika rekodi naona aibu, maana ni sauti ya mtu aliyeshtuka na si ya mtu anayepima jambo.

Nilipoisikiliza rekodi hiyo nikakutana na tatizo ambalo watazamaji wamepambana nalo kwa karne nyingi. Kati ya nyota kuzimika na neno langu kutoka mdomoni kulikuwa na muda ambao mwili wangu uliutumia kutambua na kusema. Kwa watu wengi muda huo hufika hata theluthi ya sekunde. Huo ni upungufu mdogo, lakini Mwezi husafiri karibu kilomita moja kila sekunde, kwa hiyo theluthi ya sekunde yangu ni mita mia tatu na zaidi za Mwezi. Zamani, kabla ya saa za atomiki, wataalamu waliutumia Mwezi kama mkono wa saa kuu unaopita juu ya nyota zilizo kama namba, na kwa vipimo vya ufichaji vilivyokusanywa kwa vizazi waliweza kuonyesha kwamba Dunia yenyewe haizunguki kwa mwendo usiobadilika. Kila mmoja wao alikuwa na kuchelewa kwake, na kulijua kuchelewa kwako kulikuwa sehemu ya kazi.

Kinachonivutia zaidi katika upande huu ni ufichaji wa kugusa pembeni, pale ambapo nyota inapita sambamba na ncha ya Mwezi. Ukingo wa Mwezi haukukatwa kwa bikari. Una milima na mabonde. Aliyesimama mahali hasa panapotakiwa, katika ukanda wenye upana wa kilomita chache tu, huona nyota ikizimwa na kilele, ikatokeza bondeni, ikazimwa tena, ikatokeza tena, mara nne au tano ndani ya dakika moja. Sijabahatika kuuona. Nimewahi kukaa mahali nilipodhani ni penyewe, na nyota ikapita juu ya milima yote bila hata kupepesa.

Ufichaji umefichua mengi kwa watu waliokuwa wakitafuta jambo jingine kabisa. Mwaka 1819, mtaalamu Johann Tobias Bürg alikuwa Vienna akisubiri Antares itoke nyuma ya Mwezi. Kwanza ikatokeza nyota ndogo hafifu, na baada ya sekunde chache tu ndipo Antares yenyewe ikawaka kwa wekundu wake wote. Antares, kumbe, ina mwenzake mdogo anayekaa karibu nayo kiasi kwamba nuru yake humezwa na ya mkubwa wakati wote, isipokuwa pale Mwezi unapomficha mkubwa na kumwacha mdogo wazi kwa kitambo hicho kifupi.

Karne moja kabla ya hapo, mtaalamu wa nyota Edmond Halley alirejea maandishi ya kale yaliyosimulia kwamba mwezi wa Machi mwaka 509 Mwezi ulionekana Athens ukipita juu ya Dabarani. Alipokokotoa akaona kwamba kama nyota hiyo ingekuwa mahali ilipokuwa katika zama zake, tukio lisingeweza kwenda kama lilivyoandikwa. Akalinganisha pia nafasi za Shira na Arcturus na zile zilizoandikwa na watu wa kale, na mwaka 1718 akatangaza kwamba nyota tulizoziita za kudumu hazikudumu mahali pake. Zinatembea, ila polepole mno. Mtu mmoja alitazama juu usiku mmoja wa karne ya sita akaandika alichokiona, na zaidi ya miaka 1,200 baadaye maandishi hayo yakaziondolea nyota zote sifa ya kutulia.

Lakini tukio ninalolipenda kuliko yote ni la tarehe 10 Machi 1977. James Elliot na wenzake walikuwa ndani ya ndege yenye darubini, juu kabisa ya Bahari ya Hindi upande wa kusini, wakisubiri sayari ya Uranus ifiche nyota. Walichotaka ni kuipima angahewa ya sayari hiyo kwa kuangalia jinsi nuru ya nyota itakavyofifia. Kwa kuwa hesabu za wakati hazikuwa na uhakika kamili, waliwasha vifaa mapema, zaidi ya nusu saa kabla ya sayari kuifikia nyota, na uamuzi huo wa tahadhari ndio uliowapa ugunduzi. Sayari ikiwa bado mbali, kalamu inayochora mwanga wa nyota ilishuka ghafla ikapanda. Wakadhani ni wingu, au hitilafu ya chombo. Ikashuka tena, mara tano kwa jumla, kila mara kwa muda mfupi mno. Kisha sayari ikaificha nyota kama ilivyotarajiwa, ikaiachia, na upande wa pili kalamu ikashuka tena mara tano, kwa masafa yale yale kutoka kwenye sayari.

Wingu halifanyi hivyo, wala hitilafu ya chombo haijui kujirudia kwa mpangilio wa kioo. Kitu kinachokatiza nuru mara tano upande mmoja na mara tano upande mwingine, kwa umbali unaolingana, ni pete. Hadi siku hiyo Zohali ndiyo sayari pekee iliyojulikana kuwa na pete, na pete za Uranus ni nyembamba na nyeusi kama makaa, hivyo hakuna darubini ya wakati huo ambayo ingezionyesha kwa kuzitazama moja kwa moja. Chombo cha Voyager 2 kilikwenda kuzipiga picha mwaka 1986. Tangu hapo njia hiyo hiyo imetoa pete mahali pasipotarajiwa kabisa, kama vile kwa Chariklo, gimba la kilomita 250 hivi linalozunguka Jua kati ya Zohali na Uranus, ambalo pete zake mbili zilionekana lilipoificha nyota mwaka 2013.

Hata kitu kisichoonekana kwa jicho huweza kufichwa. Mwaka 1962, kule Parkes nchini Australia, Cyril Hazard na wenzake walitumia darubini ya redio kufuatilia chanzo cha mawimbi kilichoitwa 3C 273, ambacho hakuna aliyejua kilipo hasa, maana darubini za redio za wakati huo ziliona mambo kwa ukungu mkubwa. Mwezi ulipangiwa kupita mbele yake, na nafasi ya ukingo wa Mwezi hujulikana kwa usahihi mkubwa kila sekunde. Mawimbi yalipokatika, na yaliporudi, ikawa rahisi kuchora mahali penyewe. Darubini ililazimika kuinamishwa kupita kiwango chake cha kawaida kwa sababu Mwezi ulikuwa chini sana angani. Mwaka uliofuata Maarten Schmidt akaichunguza nuru ya kinukta kilichokuwa mahali hapo na kukuta kiko umbali wa zaidi ya miaka ya nuru bilioni 2, nacho kinang'aa kupita galaksi nzima. Hiyo ndiyo iliyokuwa kwasari ya kwanza kutambuliwa.

Ufichaji wa sayari kwa sayari nitautaja kwa kifupi, kwa sababu ni adimu mno kiasi cha kukatisha tamaa. John Bevis aliiona Zuhura ikiificha Zebaki mwaka 1737 akiwa Greenwich, na tangu Januari 1818 hakuna sayari iliyoificha nyingine. Tarehe 22 Novemba 2065 Zuhura itapita mbele ya Mshtarii, tena karibu sana na Jua angani. Mwenye umri mdogo na subira aiandike.

Mimi ninaandika ya Mwezi, ambayo huja karibu kila wiki. Daftari langu lina safu mbili, ya kuzimika na ya kutokeza. Safu ya kwanza imeanza kujaa vizuri, na kuchelewa kwangu nimekwisha kukujua. Safu ya pili ndiyo inayonishinda. Mwezi unaokua huzizima nyota upande wa giza, ambako kila kitu kinaonekana, na kuziachia upande unaong'aa, ambako mwanga unapofusha, na tena hakuna alama ya kukuonyesha ni sehemu gani ya ukingo huo mrefu unayopaswa kuikodolea macho. Usiku ule wa rekodi nilisubiri dakika hamsini na mbili, jicho kwenye lenzi, mlio wa redio ukiendelea. Nilikuwa nimeukazia macho ukingo sehemu ya juu. Nilipoushusha mtazamo kidogo nikaiona nyota imekaa pale, imeshaachana na Mwezi kwa upana wa uzi, na katika safu ya pili, mahali pa saa, dakika na sekunde, nikaandika: imeshatoka.